Sarafu 43 za Mjerumani na ile poda ya kijani inayorudi

SWALI

Shikamoo mzee.

Nipo Nansio, Ukerewe. Tulikuwa tunachimba msingi wa banda mahali palipokuwa zizi la ng'ombe kwa miaka mingi, jembe likagonga kopo la bati kama futi tatu chini. Kopo limeoza, ukiligusa linabomoka kama mkate mkavu. Ndani zimo sarafu 43. Nyingi ni ndogo, zina taji upande mmoja na neno HELLER upande wa pili. Nne zina tundu katikati. Mbili ni kubwa na nyeupe, zina picha ya mtu aliyevaa kofia ya chuma. Moja ni nene, ya njano iliyofifia, inasomeka 20 HELLER, 1916, na kuna T ndogo. Kama kumi na tano kati ya zile ndogo zimegandana na kutu ya kopo, ni bonge moja.

Jirani alinielekeza ndimu na chumvi. Nilijaribu kwa tatu. Zimetoka na rangi ya waridi, zina vitundu, na moja haisomeki kabisa. Baada ya wiki, hizo tatu pamoja na nyingine nne zimeanza kutoa poda ya kijani-mpauko kama unga. Nikiifuta, baada ya siku tatu imerudi. Fundi pikipiki anasema anazo brashi za waya za mashine, dakika tano zote zinang'aa. Mpwa wangu ameona kwenye simu watu wakisafisha kwa umeme wa chaja. Mnunuzi mmoja wa Mwanza mjini naye anasema nizing'arishe kwanza ndipo azitazame.

Nifanye nini kwa vitu vinavyopatikana huku? Na je, serikali inazidai?

Mchimba Msingi, Nansio

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ndimu irudishe jikoni, na fundi pikipiki mwambie ahsante, brashi yake ibaki kwenye rimu. Kabla ya jambo lolote, zitoe zile saba zenye poda, uziweke peke yake kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na upepo wa ziwa. Hizo ndizo zinazokufa. Nyingine 36 zimekaa ardhini karne nzima, zikisubiri mwezi mmoja zaidi hazitadhurika.

Pole kwa zile tatu. Heller, ile sarafu ndogo ya enzi za Mjerumani, ni ya bronzi, yaani shaba yenye stani kidogo. Ikikaa udongoni, ngozi ya juu ya shaba inageuka. Tabaka la kwanza, linalogusa metali yenyewe, ni oksidi ya rangi nyekundu-kahawia. Juu yake kuna kijani, na juu ya kijani kuna udongo ulioshikana nacho. Wengi hawajui kwamba taji na maandishi wanayoyatafuta hayako tena kwenye metali. Metali ya juu ilishaliwa zamani. Umbo la herufi limebaki ndani ya lile tabaka jekundu-kahawia, kama unyayo uliokauka kwenye tope la njiani. Asidi ya ndimu haina macho: inayeyusha kijani, inapitiliza kwenye jekundu, na inakuachia metali ya chini yenye vitundu na rangi ya waridi. Herufi za sarafu yako zilimwagwa pamoja na yale maji. Siki hufanya hivyo hivyo, ukwaju hivyo hivyo, na soda nyeusi ya chupa pia.

Lakini ndimu peke yake ingekuharibia sura tu. Chumvi ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Chumvi ya mezani ina kloridi. Kloridi ikipenya hadi kwenye shaba inaungana nayo, inakuwa kitu cha kijivu, laini kama nta, kilichojificha chini ya gamba. Kikiwa kikavu kinalala. Kikipata unyevu na hewa kinaamka, kinageuka ile poda ya kijani-mpauko, na katika kugeuka huko kinatoa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo inakula shaba nzima iliyo jirani, inazaliwa kloridi ya shaba mpya, na mzunguko unaanza upya. Ukifuta poda umezoa majivu tu, kaa la moto bado liko ndani. Wahifadhi wa makumbusho wanauita ugonjwa wa bronzi.

Utauliza, mbona ziwa letu ni la maji baridi? Ni kweli, na ndiyo maana sarafu za kanda hii huwa na afya kuliko zile zinazookotwa Kilwa au Bagamoyo. Ila zako zilikaa chini ya zizi. Mkojo wa ng'ombe una chumvi, na ng'ombe mwenyewe hulambishwa chumvi. Miaka yote hiyo ilikuwa ikidondoka chini polepole. Ndiyo maana hata zile nne ambazo hukuzigusa kwa ndimu zimeumwa. Zichunguze zote 43 chini ya mwanga mkali, na usichanganye kijani na kijani. Kijani kilichoiva, kigumu, laini kama kimepigwa rangi, hicho ni ngozi nzuri. Ukikichokoa kwa kijiti cha meno hakitoki. Kijani-mpauko kinachopukutika kama unga, mara nyingi kikianzia kwenye kishimo kidogo au ukingoni, huo ndio ugonjwa.

Sasa la serikali, maana ni fupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Aliyevigundua anatakiwa kutoa taarifa, na havisafirishwi nje bila kibali. Heller zilianza kutengenezwa 1904, kwa hiyo hazimo. Lakini angalia vizuri kwenye lile bonge. Pesa ndogo za shaba za Kampuni ya East India za mwaka 1835 zilitembea sana Afrika Mashariki, na hizo zingekuwa ndani ya sheria. Ukikuta sarafu yenye maandishi ya Kiarabu, isome mwaka kabla ya kuisemea: pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya 1890 hadi 1892 ina Kiarabu upande mmoja na mwaka wake ni wa Hijria, 1307 hadi 1309. Hiyo ni ya baada ya 1863, haimo kwenye sheria. Sarafu ya Kilwa ya masultani, hiyo usiipeleke kwa mnunuzi. Ipeleke kwa ofisi ya Mambo ya Kale au kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Vipimo kwanza

Kabla ya maji kugusa chochote, piga picha kila sarafu pande zote mbili, mwanga ukitokea ubavuni. Mwanga wa ubavuni, saa moja asubuhi dirishani, unaonyesha herufi ambazo jua la saa sita linazificha. Kisha pima. Huku kwetu mizani si shida: wanunuzi wa dhahabu na masonara wanayo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Heller 1 ikiwa nzima ina gramu 4 na upana wa milimita 20. Rupia, hizo nyeupe mbili zenye Kaiser Wilhelm wa Pili, ina gramu 11.66. Andika uzito wa kila moja. Heller yenye gramu 3.8 ina metali ya kutosha, inavumilia kazi. Yenye gramu 3 ni gamba tupu limeshikilia umbo, hiyo usiisugue hata kwa mswaki.

Kuachanisha bonge

Utahitaji maji yasiyo na chumvi. Ya bomba hapana, yana klorini ya kutibia. Ya ziwa yana matope na mengine mengi. Nunua maji ya betri kwenye duka la vipuri. Hapa uwe macho, maana duka hilo hilo linauza asidi ya betri, na wapo wanaoziita zote mbili maji ya betri. Mimina kijiko kimoja kwenye kikombe cha plastiki, tia bikaboneti kidogo ile ya kuumulia maandazi. Yakitoa povu ni asidi, yarudishe. Mbadala wake ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye beseni safi katikati ya uwanja, mvua ikiwa imeshanyesha nusu saa. Yasiwe ya kutoka kwenye bati la nyumba.

Loweka bonge kwenye maji hayo, badilisha kila siku kwa siku tano. Maji yatatoka na rangi ya chai. Hiyo ni kutu ya kopo. Hiyo kutu usiichukie. Chuma na shaba vikigusana penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa kwanza, shaba inapona. Sarafu zilizoshikana na ukuta wa kopo mara nyingi zinatoka na sura nzuri kuliko zilizokuwa katikati. Kopo lilijitoa mhanga.

Siku ya sita chonga kijiti cha mwanzi kiwe kama ulimi wa patasi, ukiingize kwenye mshono kati ya sarafu mbili, sukuma taratibu ukizunguka ukingo mzima. Usikongoe upande mmoja kama unayefungua chupa. Kisu na bisibisi ni marufuku: vinaacha mkwaruzo unaong'aa ambao hautafutika. Zikigoma, zikaushe, uzizamishe kwenye mafuta ya cherehani kwa wiki mbili au tatu, kisha ujaribu tena. Mafuta ya alizeti au ya zeituni usitumie ingawa wengi wanayasifia. Mafuta ya kula yana asidi zake, na yakikaa miezi yanaila shaba polepole na kuacha utandu wa kijani unaonata. Ya cherehani yametoka kwenye petroli, hayana asidi. Sarafu yenye poda isiingie kwenye mafuta kabisa, utafungia ugonjwa ndani.

Kutibu zile saba

Hapa ndipo penye kazi.

Anza kavu. Vaa barakoa, poda hiyo ina sumu ya shaba. Omba kioo cha jichoni cha fundi saa, kile cha kukuza mara kumi, na sindano iliyochomekwa kwenye kalamu ya mbao. Chokoa poda kwenye kila kishimo mpaka ufikie kile kitu cha kijivu kama nta, ukitoe nacho kadiri kinavyokubali. Sarafu moja inaweza kukuchukua saa nzima. Ukiona rangi ya shaba inang'aa ndani ya kishimo, simama hapo.

Kisha bafu ya soda. Dawa yenyewe ni seskwikaboneti ya sodiamu, nayo kwa asili ndiyo magadi. Yale mawe ya gengeni ya kulainishia maharage ni kitu hicho hicho, kimeokotwa kwenye maziwa ya magadi. Kwa bahati mbaya yamebeba na chumvi ya kawaida, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Kwa hiyo tutengeneze wenyewe kwa bikaboneti safi ya dukani; si hamira, wala si ile poda ya keki iliyochanganywa na wanga. Soma pakiti, iandikwe bikaboneti ya sodiamu peke yake.

Kwa lita moja pima gramu 66 za bikaboneti. Chukua gramu 44 uzikaange kwenye kikaango kikavu, moto wa kati, ukikoroga. Poda itatapatapa kama uji unaochemka. Hiyo ni hewa na mvuke unatoka. Ikitulia, kama baada ya nusu saa hadi dakika arobaini na tano, ipoze, uipime. Ikiwa imefika gramu 28 imeiva. Ikiwa bado ni 35, rudisha jikoni. Changanya gramu 28 hizo na zile 22 ulizobakiza, koroga kwenye lita moja ya maji ya betri ya uvuguvugu. Unapata myeyusho wa asilimia 5. Tumia chombo cha plastiki au kioo, kamwe sufuria ya alumini, soda inaila.

Ziweke sarafu zimelala chini bila kupandana, kila moja ipate kama mililita 100. Funika. Badilisha myeyusho kila baada ya siku saba. Kloridi inatoka polepole sana, kwa sababu inapita kwenye vinjia vidogo vya gamba. Wiki nne ni kidogo, nane hadi kumi na mbili ndiyo kawaida. Maji yakigeuka buluu hafifu usishtuke, shaba kidogo imeyeyuka. Yakiwa buluu iliyokolea ndani ya siku moja, au ukiona utando wa buluu-kijani mpya unaota juu ya sarafu, itoe hiyo moja na umalizie na maji ya betri matupu yanayobadilishwa kila wiki. Maji matupu yanachelewa zaidi lakini hayagusi rangi ya gamba. Kwa sarafu yenye gramu 3 mimi ningeanza na maji matupu moja kwa moja, muda si hoja.

Baada ya soda, suuza kwa maji ya betri, ukibadilisha kila siku kwa siku kumi. Kausha. Halafu zijaribu: weka kila sarafu ndani ya kopo dogo lenye pamba iliyoloanishwa, sarafu isiguse pamba, funga kwa saa 48 sehemu ya joto. Ikitoka bila unga, imepona. Ikitoka na nukta moja tu ya kijani-mpauko, rudi kwenye sindano, na wiki nyingine nne za soda. Jaribio hili halina njia ya mkato, na wengi wanaoliruka hujikuta wakianza upya masika yakifika. Ugonjwa huu unaamka hewa ikizidi unyevu wa asilimia 42 hadi 46 hivi, na hewa ya kando ya ziwa haishuki hapo kwa muda mrefu.

Kusafisha zisizoumwa

Hapa kazi ni ya mikono na macho, dawa haipo. Loweka kwenye maji ya betri yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwa siku moja, uzisuuze, kisha kwenye kioo cha kukuzia uondoe udongo kwa kijiti cha meno au mwiba wa mgunga. Mwiba una ncha kali kuliko kijiti lakini ni laini kuliko gamba, na unapovunjika unajua umesukuma mno. Fanya kazi sarafu ikiwa na unyevu kidogo. Tafuta mahali udongo unapoachana na kijani: una rangi ya vumbi, unatoka kwa vipande. Anzia kwenye eneo tupu, ukaribie herufi kutoka pembeni, kamwe usipite juu ya herufi. Mswaki wa mtoto mdogo, laini, unatosha kumalizia. Ukiweza kusoma mwaka na herufi ndogo ya kiwanda, A ya Berlin au J ya Hamburg, acha. Kijani kinachobaki ndicho kinachoishikilia.

Habari ya chaja: umeme unavua kila kitu mpaka metali, sawa na ndimu ila kwa kasi. Tena watu wanatumia kijiko kisichoshika kutu kama ncha ya pili, na kijiko hicho kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Mpwa wako asiijaribu chumbani.

Zile nne zenye tundu ni za Heller 5 au 10, zina nikeli ndani yake. Sabuni na mswaki laini basi. Madoa ya kahawia yatabaki na hayana tatizo.

Rupia mbili zina fedha asilimia 91.7. Ukiona kijani juu yake, kimetoka kwenye shaba kidogo iliyomo na kwa Heller zilizolala nazo. Kichokoe kwa mwiba baada ya kuloweka. Weusi ni salfidi. Ukitaka kuupunguza, tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli la plastiki, weka sarafu iiguse, tia kijiko kikubwa cha bikaboneti na nusu lita ya maji ya moto. Itanuka yai viza, ndiyo kazi inaendelea. Sekunde thelathini, itoe, usuuze. Ukiiacha dakika kumi itatoka nyeupe kama bati jipya, na hakuna mkusanyaji atakayeipenda. Mimi ningeziacha na kijivu chake. Msomaji mwingine mwenye shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946, zile zenye simba, asiige hili: hizo zina fedha robo tu, robo tatu ni metali nyingine, nyingi yake shaba, kwa hiyo zitibu kama shaba.

Kukausha na kuhifadhi

Zikishasafishwa, zizamishe kwenye asitoni kwa dakika kumi ili ivute maji yaliyojificha, hasa zile zilizopita kwenye mafuta. Wauza vifaa vya saluni wanayo. Chukua iliyo safi, isiyo na rangi, manukato wala mafuta ya kucha. Inashika moto upesi, kwa hiyo fanyia nje, jiko likiwa limezimwa. Kisha zianike juani kwa saa mbili juu ya kitambaa cheupe.

Juu yake paka nta. Nta ya nyuki, hata ile nzuri ya Tabora, ina asidi na kwenye shaba inaota kijani. Tumia mshumaa mweupe wa kawaida: kwangua gramu 5, tia kwenye chupa yenye mililita 100 za tapentaini ya kuzimulia rangi za mafuta, ifunge kwa kulegeza, uisimamishe kwenye beseni la maji ya moto uliyoyateremsha jikoni. Moto usiwe karibu. Ikiyeyuka, paka kwa brashi laini sarafu ikiwa na uvuguvugu wa jua, ngoja ikauke, futa kwa kitambaa cha pamba. Rangi ya kijani itakolea kidogo na maandishi yataonekana zaidi. Nta hii inapunguza unyevu, haiuzuii, ndiyo maana haipakwi kabla ya lile jaribio la saa 48.

Zihifadhi kwenye makopo ya plastiki ya dawa, yaliyooshwa na kukauka, kila moja kwenye karatasi yake, na pakiti ya zile punje za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Punje zikichoka, zitoe kwenye kifuko, uzikaushe kwenye kikaango cha moto mdogo kwa saa moja, zinafanya kazi tena. Usiweke kwenye mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni, hiyo inatoa utelezi wa kijani. Wala mpira wa kufungia noti, una salfa. Wala kisanduku cha mbao mbichi.

Mnunuzi na ile yenye T

Anayekutuma uzing'arishe ama hajui, ama anataka kukuambia baadaye kwamba umeziharibu ili akupe bei ya chuma chakavu. Mkusanyaji anayejua hulipa pungufu kwa sarafu iliyosuguliwa. Kwa Heller 1 za kawaida hasara ni ndogo, ziko nyingi. Hiyo ya 20 ndiyo ya kuangalia. Ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamefungiwa bahari na sarafu hazifiki. T ni ya Tabora. Zilitoka za shaba ya njano na za shaba nyekundu, kwa kutumia maganda ya risasi na mizinga na chochote kilichopatikana, na nyingi zimekaa vibaya tangu siku ya kwanza: ukingo umepinda, taji limefifia, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Wakusanyaji wanazitofautisha kwa umbo la taji na la herufi. Ukipitisha brashi ya waya unafuta kile kile wanachokisoma. Shaba ya njano ina udhaifu mwingine, zinki inaweza kuwa imetoka na kuacha mabaka ya waridi yenye vinyweleo, ukiyaona, usiyachokoe. Maji ya betri siku tatu, asitoni, kivuli, basi. Usiiweke bafu moja na Heller za zizini.

Zile tatu za waridi zipitishe kwenye soda pamoja na wagonjwa wengine, maana zimekunywa chumvi. Usizipake rangi ya viatu wala kuzifukiza kwa salfa ili zizeeke haraka. Kwa mikono na hewa zitarudi kahawia zenyewe mwaka mmoja au miwili. Ile isiyosomeka ipime. Ikiwa na upana wa milimita 20 na uzito usiopungua sana gramu 4, iandikie kwenye karatasi yake Heller 1, mwaka haujulikani, uiweke na wenzake.